Russell Baze: kashinda mbio 12,842, kwa nini hatajwi kwenye majoki wakubwa?

Shabiki wa Mbio
Wakuu habari zenu. Hili swali limenikaa kichwani siku nyingi. Russell Baze kastaafu Juni 2016 akiwa na miaka 57, kashinda mbio 12,842, na Amerika Kaskazini nzima hakuna joki, yaani mpanda farasi wa mbio, aliyewahi kufika hapo. Laffit Pincay aliyekuwa na rekodi kabla yake aliishia 9,530. Na hizo mbio Baze hakuziokota kwa kupanda farasi wengi tu na kubahatisha, kapanda kama mara elfu 53 na kitu, maana yake karibu kila farasi wanne mmoja kashinda naye, tena kwa miaka zaidi ya 40. Sasa ukianzisha mjadala wa joki bora wa Marekani watu wanakimbilia Shoemaker, Pincay, Bailey, Velazquez. Baze akitajwa ni kwa takwimu, basi. Jumba la mashujaa la mbio za farasi walimwingiza tangu 1999, kwa hiyo wenye mchezo wanamjua, ila kwa mashabiki ni kama hayupo. Tatizo ni nini hasa?

Nairobi_Turf
Tatizo ni mahali alipokuwa anapanda, ndugu yangu. Karibu maisha yake yote alikuwa Kaskazini mwa California, viwanja vya Bay Meadows na Golden Gate Fields. Pesa kubwa ya Marekani iko New York, Kentucky na Kusini mwa California, na kamera ziko hukohuko. Shabiki wa kawaida anaangalia Kentucky Derby Mei na Breeders' Cup mwisho wa mwaka, hizo siku chache ndizo zinazotengeneza majina. 2006 Baze alipanda Cause to Believe kwenye Derby, farasi akamaliza huko nyuma, na kwa mtu anayeangalia mbio mara moja kwa mwaka, huyo ndiye Baze anayemjua. Hata sisi huku kwenye uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi, tuko hivyohivyo, siku ya Kenya Derby watu wanajaa na kila mtu ana maoni, lakini Jumapili za kawaida wanaojua nani anapanda vizuri ni walewale wa kila wiki.

Kidume wa Temeke
Mimi nitawapinga kidogo wakuu. Kushinda sana mahali ambapo ushindani ni mdogo si sawa na kushinda viwanja vikubwa kama Santa Anita au Saratoga. Halafu alikuwa na Jerry Hollendorfer, mkufunzi aliyekuwa anatawala kule, farasi bora wa zizi wanaenda kwake. Ukipewa farasi bora kila siku lazima ushinde. Kama alikuwa mkali hivyo kwa nini hakwenda kwa wakubwa akakaa huko?

Dada wa Oakland
Kidume, alikwenda. Mwishoni mwa miaka ya 80 alihamia kusini, na 1989 pale Santa Anita alimpanda Hawkster, maili moja na nusu kwenye majani wakakimbia dakika 2 sekunde 22 na sehemu nne za tano, rekodi ya dunia ya umbali ule wakati huo. Mtu asiyejua kupanda hapewi farasi wa namna hiyo. Akarudi kaskazini kwa sababu familia yake iko huku na kazi ilikuwa tele, na baada ya hapo akaanza kushinda zaidi ya 400 kwa mwaka, miaka minne mfululizo 1992 hadi 1995, mpaka wakampa tuzo maalumu ya Eclipse, hizo ndizo tuzo kubwa za mbio za farasi Marekani.

Mimi naishi huku, Golden Gate Fields nilikuwa naenda kabla hawajaifunga 2024, nikwambie ninachokumbuka. Mchana wa katikati ya wiki, jukwaa halina watu, upepo wa baharini unapiga, mbio zenyewe ni zile za farasi wa bei ya chini ambao kila mmoja ana bei yake na mtu anaweza kumnunua palepale. Hapo joki wengi wakiona hawashindi wanaachia. Baze hapana. Geti likifunguka anamhimiza farasi atoke haraka apate nafasi nzuri mapema, halafu kuanzia kona ya mwisho anamsukuma mpaka kwenye mstari, hata kama anagombea nafasi ya tatu. Na hilo la Hollendorfer, jamani, mkufunzi anayetaka kushinda anampa farasi mtu anayemshindia. Joki akimwangusha wiki mbili tu, mkufunzi anatafuta mwingine.

Kingine, waliokuwa wanabeti huku hawakuwahi kumdharau. Farasi wa kawaida kabisa akipandwa na Baze odi, yaani malipo ya beti, zinashuka, ukibeti farasi wake akashinda hupati kitu cha maana. Hao ndio waliokuwa wanaweka pesa zao kila siku, mimi nawaamini kuliko wachambuzi.

Shabiki wa Mbio
Dada umenifungua macho. Na ukiangalia duniani ni hivyohivyo. Aliyeipita rekodi ya Baze, 2018, ni Jorge Ricardo wa Brazili, wangapi humu wamewahi kulisikia hilo jina? Hao wawili walifukuzana miaka, Ricardo akafika ushindi wa 10,000 Januari 2008, Baze akafika Februari mosi, wiki chache tu. Mmoja Amerika Kusini, mwingine kaskazini mwa California, na magazeti makubwa yakapita juujuu.

Kidume wa Temeke
Hiyo ya Hawkster sikuwa nayo, nakubali alikuwa na uwezo. Ila bado nasema joki mkubwa kabisa lazima awe na mbio kubwa mkononi.

Nairobi_Turf
Mbio kubwa anazileta farasi mkubwa, na farasi mkubwa, tajiri anayemmiliki anampeleka New York na Kentucky. Joki analipwa kama asilimia kumi ya zawadi ya mshindi, kwa hiyo ukipanga majoki kwa pesa walizoshinda unapima mifuko ya wenye farasi. Mimi nikitaka kujua joki anajua kazi naangalia anafanya nini na farasi wa bei ya chini siku ambayo hakuna kamera, na hapo simwoni wa kumweka mbele ya Baze.