Naomba ushauri: kuhamisha programu ya kituo cha maziwa kutoka Visual Basic 6 kwenda Python

BintiPongwe

Habari zenu wakuu. Nipo Pongwe, hapa Tanga. Nina jambo linaninyima usingizi na hapa ndipo nilipoona naweza kupata watu wa kunielewa.

Kituo chetu cha kukusanyia maziwa kinatumia programu aliyoiandika marehemu baba yangu mdogo mwaka 2004 kwa Visual Basic 6 (VB6). Mfugaji analeta maziwa asubuhi na jioni, karani anaingiza namba yake na lita, programu inazidisha kwa bei. Mwisho wa mwezi inakata pumba, mashudu, dawa na mikopo, kisha inachapa karatasi ya malipo. Wafugaji ni 212. Fomu zipo 7, mistari ya msimbo ni kama 3,000, na kanzidata ni faili la Access la .mdb.

Mwezi uliopita kompyuta ya Windows XP iliyokuwa na hiyo programu imekufa. Diski tumeiokoa, na msimbo nimeupata kwenye CD nyumbani kwa baba mdogo, kasha lake limeandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Kwenye kompyuta mpya ya Windows 11 programu inafunguka, inalalamika kwamba MSFLXGRD.OCX haipo, inajifunga. Sasa hivi karani anapiga hesabu kwa kikokotoo.

Kamati inataka pia iweze kutoa orodha ya malipo ya wafugaji kwa njia ya simu, kwa hiyo naona bora niihamishe moja kwa moja kwenye lugha ya sasa. Nilisoma Python chuoni na ninaiweza kiasi. Je, nibadili mstari kwa mstari, au nianze upya? Na Python ni chaguo sahihi kwa kazi ya namna hii? Naogopa sana kukosea, maana hizi ni hela za watu, na wengi ni kina mama wenye ng'ombe mmoja au wawili.

Chumbageni_IT

Pole dada. Kabla hujaandika hata mstari mmoja, fufua kwanza ile ya zamani. Programu za VB6 bado zinaendeshwa na Windows 11, mafaili yake ya msingi yamo ndani ya Windows yenyewe. Kinachokosekana ni hizo OCX tu, yaani vipande vya ziada ambavyo programu inavitegemea. Zichukue kwenye diski uliyookoa, ziweke kwenye folda ya SysWOW64 (siyo System32, hapo wengi wanakosea kwa sababu jina linadanganya), kisha fungua dirisha la amri kama msimamizi na uzisajili kwa regsvr32. Karani atapumua, na wewe utafanya kazi bila kukimbizwa.

Mgandini_Dev

Mimi ningekwenda C#. Fomu zake zinafanana na za VB6, na aina ya decimal kwa ajili ya fedha imo ndani ya lugha. Visual Studio Community ni bure kwa mtu mmoja mmoja. Ila usitafute ile zana ya kubadilisha VB6 kwenda VB.NET yenyewe kwa yenyewe. Ilikuwemo hadi Visual Studio 2008, toleo la 2010 wakaiondoa. Hata ilipokuwepo, ilikuachia msimbo wenye maonyo kila kona.

FundiRaskazone

Binti yangu, hongera kwa kuulea mzigo wa mzee wako. Mimi nimeandika VB6 tangu ilipotoka mwaka 1998 na nimezihamisha kadhaa, kwa hiyo nikuambie ninaloliamini.

Lugha isikuumize kichwa. C# ni nzuri. Lakini wewe unaijua Python, na programu hii itakuwa mikononi mwako miaka mingi. Chagua unayoweza kuirekebisha saa moja usiku mfugaji akiwa amesimama mlangoni. Tkinter, zana ya kutengeneza madirisha na fomu, inakuja na Python yenyewe, inatosha kwa fomu 7. Kanzidata weka SQLite, ni faili moja, unalinakili kwenye flashi umemaliza.

Mstari kwa mstari, usifanye. Na ukianza upya kabisa bila kuusoma msimbo wa zamani, utaumia zaidi. Ndani ya mistari ile 3,000 kuna hesabu ambazo hazikuandikwa popote pengine. Kaa nayo, ukiwa na daftari pembeni, uandike kwa Kiswahili kila kanuni unayoikuta: bei inasomwa ya siku gani, nini kinakatwa kwanza, mkopo ukizidi malipo inakuwaje.

Ukifika kwenye fedha, punguza mwendo. VB6 ikiweka namba yenye desimali kwenye Integer au Long (aina zake za namba kamili), au ikitumia CInt na CLng (amri za kugeuza kuwa aina hizo), haikati desimali: inakadiria, na nusu kamili inaipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu. Tuseme bei ni shilingi 905. Lita 13.5 ni 12,217.5, VB6 itaandika 12,218. Lita 12.5 ni 11,312.5, itaandika 11,312. Leo anapata mfugaji, kesho kinapata kituo. Sasa int() ya Python inakata tu, siku zote inakata. Mtu anaona CLng, anaandika int(), programu inakwenda bila kosa lolote kwenye kioo, na mfugaji anapunjwa kila anapoleta nusu lita. Tumia moduli ya decimal, na ukadirie kwa ROUND_HALF_EVEN, ndiyo inayofanana na tabia ya VB6. Kwenye SQLite tunza fedha kama namba kamili, kwa sababu haina aina ya desimali ya kweli.

Halafu niambie mambo mawili: kuna On Error Resume Next ngapi humo ndani, ile amri inayoiambia programu iruke kosa na iendelee kimya kimya? Na kuna tabia yoyote ya ajabu ambayo hakuna anayejua sababu yake?

BintiPongwe

Shikamoo mzee. Ahsante sana, nimesoma mara tatu.

Kaka wa Chumbageni, ushauri wako umefanya kazi! Zilikuwa OCX mbili, nimezisajili na programu imefunguka jana jioni. Karani amefurahi mpaka amenipikia chai.

Mzee, nimehesabu On Error Resume Next, zipo 58. Karibu kila kitufe kinaanza nayo. Na la ajabu lipo: namba za stakabadhi zinaanza upya 1 kila mwezi. Mwenyekiti anasema ni kanuni ya uhasibu na nisiiguse. Mkaguzi naye kila mwaka analalamika kwamba stakabadhi namba 450 zipo kumi na mbili.

FundiRaskazone

Marahaba. Angalia namba ya stakabadhi imetangazwa kwa aina gani. Kama ni Integer, jibu unalo. Integer ya VB6 inaishia 32,767, ukiivuka programu inagoma. Wafugaji 212 mara mbili kwa siku, siku 30, ni stakabadhi 12,720 kwa mwezi. Miezi mitatu ni 38,160. Mzee wako huenda aligongwa na huo ukuta robo ya kwanza, akapata njia ya kuanza upya kila mwezi ili kazi iendelee. Python haina mpaka huo.

Lakini usibadilishe kimya kimya. Mwoneshe mwenyekiti, akubali yeye.

BintiPongwe

Ni Integer kweli! Na kuna mstari wa maelezo aliouandika mwenyewe: "namba zimeisha, anza upya kila tarehe 1". Miaka yote hii tumeiita kanuni. Nitakwenda na msimbo huo kwenye kikao.

Takwimu_Makorora

Dada, kwenye kuhamisha kanzidata nakuongezea matatu, maana huko ndiko nilikopoteza wiki nzima.

Dereva ya zamani ya Access, Jet, ni ya biti 32. Python ya biti 64 haitaiona kabisa na utadhani faili limeharibika. Sakinisha Python ya biti 32 kwa kazi hii moja ya kuhamisha, au toa majedwali kwa Access kwenda CSV, mafaili ya maandishi yanayotenganishwa kwa koma.

Kwenye VB6 na Access, "kweli" ni -1, siyo 1. Kama una safu ya kuonesha mfugaji yuko hai kwenye orodha, ukiuliza hai = 1 unaweza kupata orodha tupu. Uliza kama ni tofauti na sifuri.

Na tarehe. Access inaitunza kama idadi ya siku kuanzia 30 Desemba 1899, kwa hiyo tarehe 1 Januari 2004 ni 37987. Hilo halina shida. Shida ni ikitoka kama maandishi: 03/04 ni tarehe 3 Aprili au 4 Machi? Ndani ya maswali ya SQL, lugha ya kuiamuru kanzidata, Access inasoma mwezi kwanza, mtindo wa Marekani. Lazimisha itoke mwaka-mwezi-siku. Kosa hili halionekani kirahisi, kwa sababu kuanzia tarehe 13 mambo yanakuwa sawa.

BintiPongwe

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tano. Niwape matokeo.

Nimeandika kwa Python na SQLite. Nilichukua mwezi mmoja wa nyuma ambao madaftari yake yote yapo, nikaingiza upya kila kitu kutoka kwenye karatasi: lita za asubuhi, za jioni, makato yote. Nililala saa nane usiku siku nne mfululizo. Kisha nikalinganisha karatasi ya malipo ya programu yangu na ile iliyochapwa wakati ule.

Mara ya kwanza wafugaji 187 walitofautiana, wote wamepungua, karibu wote kati ya shilingi 1 na 19. Nilijua mara moja. Pamoja na onyo la mzee, kuna mahali pamoja nilikuwa nimeacha int(). Nilijisikia vibaya kweli, kwa sababu shilingi 19 hakuna ambaye angekuja kuuliza.

Nikarekebisha. Wakabaki 6. Hawa nao programu yangu inawalipa kidogo kuliko ile ya zamani, lakini tofauti ni maelfu. Nimepitia hesabu mpaka macho yanauma. Kwenye daftari kila mmoja wao ana kato moja la dawa, lakini kwenye kanzidata ya zamani makato hayo hayapo. Hayajafutwa, hayakuwahi kuingia. Wafugaji wengine waliochukua dawa mwezi huohuo yao yameingia vizuri.

FundiRaskazone

Nakili hapa maelezo ya yale makato sita kama yalivyo kwenye daftari, herufi kwa herufi. Na mawili matatu ya yale yaliyoingia.

BintiPongwe

Yasiyoingia: "dawa ya ng'ombe", "minyoo ng'ombe", "dawa ya ng'ombe 2", "ng'ombe dawa kupe", na mengine mawili yanayofanana na hayo.

Yaliyoingia: "dawa ya mifugo", "dawa ya kupe", "dawa ya ndama".

FundiRaskazone

Ni ile alama ya ng'. Mzee wako aliunganisha maandishi moja kwa moja kwenye amri ya SQL, kama tulivyofanya wote enzi zile. Kwa SQL, alama hiyo ndiyo inayofunga maandishi. Ikifika kwenye ng', inaona maandishi yameisha, kinachofuata haikielewi, inakataa. Na kwa sababu juu yake kuna On Error Resume Next, kosa linamezwa, karani anaona fomu imejisafisha, anajua imehifadhi.

Wewe kwenye sqlite3 usiunganishe kamwe. Weka alama ya kuuliza ndani ya amri, na thamani zipeleke pembeni. Halafu jaribu na majina ya watu na ya vijiji, ng' ipo kila mahali katika lugha yetu.

Na ujue kwamba hapa programu yako ndiyo iliyo sahihi. Ungetaka ifanane na ya zamani kwa lazima, ungeirudisha ikosee.

Mgandini_Dev

Nimeandika programu miaka tisa na sijawahi kufikiria kwamba neno ng'ombe linaweza kuangusha programu ya maziwa. Nimekwenda kukagua kazi zangu usiku huuhuu.

BintiPongwe

Nimemuuliza karani wetu wa siku zote. Ameniambia anajua tangu zamani: "Kompyuta ile ukiandika ng'ombe haishiki, ndiyo maana mimi huandika mifugo." Karani alipogundua, baba mdogo alikuwa ameshafariki, kwa hiyo hakuwa na wa kumwambia. Mwezi ule niliouchagua karani huyu alikuwa likizo ya uzazi na aliyemshikia nafasi hakuambiwa.

Jana tulikuwa na kikao. Nimeweka mezani karatasi zote mbili. Kamati imeamua wale sita wasidaiwe, kwani kosa halikuwa lao, na imeandikwa kwenye kumbukumbu. Stakabadhi zitaanza 1 na kuendelea bila kurudi nyuma. Mwenyekiti aliposoma ule mstari wa baba mdogo alikaa kimya kidogo, kisha akakubali. Programu mbili zitakwenda sambamba miezi miwili, karani ataingiza kote kote, na malipo yatafuata karatasi mpya endapo kila tofauti ina maelezo. CD ya baba mdogo nimeinakili mara tatu na mstari wake wa maelezo nimeuhamishia kwenye msimbo wangu kama ulivyo.

Leo asubuhi karani ameingiza kato la kwanza. Alianza kuandika "dawa ya mif", nikamwambia andika unavyosema. Akafuta, akaandika ng'ombe, akabonyeza, akafungua orodha kuhakikisha. Limo.