Maskati na watoto wawili, mdogo bado hajatuzoea

BiMkunazini:
Assalamu alaykum jamani. Disemba skuli zikifungwa tunakwenda Maskati kwa wifi yangu, anakaa Seeb. Watoto ni wawili: kaka mtu ana miaka 11, na binti wa miaka minne tuliyemchukua mwaka huu kwa kafala, yaani kumlea mtoto wa watu kwa taratibu za Kiislamu. Kijana anaumwa na ngome. Tangu Beit al-Ajaib, lile jumba la masultani hapa Unguja, iporomoke 2020 haishi kuuliza nani kajenga nini, na sasa kaniletea orodha: Jalali, Mirani, Mutrah, Nizwa, na makumbusho juu yake. Mdogo analala na kipande cha boflo chini ya mto, na pakiwa na watu wengi ananing'ang'ania shingoni mpaka nakosa pumzi. Sokoni Darajani siendi naye kabisa. Baba yao anataka tumwache kwa bibi yake. Mimi sitaki, ndiyo kwanza anaanza kunijua. Waliosafiri na mtoto wa namna hii, mlianzaje?

MpembaWaMaskati:
Waalaykum salaam bibie. Usimwache. Mimi mtu wa Wete, huku niko zamani, na mpwa wetu tulimlea hapa hapa baada ya kufiwa na wazee wake.

Ngome hazitakusumbua. Itakayokusumbua ni sebule ya wifi yako. Siku mtakayofika nyumba itajaa mashangazi na majirani wenye asili ya Unguja, kila mmoja anataka kumbeba, kumtia halua mdomoni, na kuuliza mbele yake, "Ndiye huyu mliyemchukua?" Mpigie wifi leo. Wageni waje baadaye, mtoto asibebwe na mtu, chakula apewe na wewe tu. Atanuna, kisha mpelekee karafuu yaishe.

Matembezi yawe pahala pamoja kwa siku, asubuhi, mchana mrudi alale. Anzeni Mutrah, kando ya bahari. Njia ni pana na soko la samaki liko pale pale. Wetu alikuwa hasemi na mtu, kumwona jodari mezani akamnyooshea kidole akamtaja jina. Soko la vichochoroni muingie mapema tu, jioni hapapitiki. Ngome ya Mutrah ina ngazi nyingi, kijana apande na baba yake, nyinyi mkae chini mle mishkaki. Jalali na Mirani mtazitazama kwa nje, karibu na kasri ya Al Alam, uwanja ni mkubwa, huyo mdogo akimbie atakavyo. Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa 2016, yanatazamana na kasri hiyo. Mwambie kijana kuwa Wareno walitolewa Maskati 1650, na Waomani hao hao wakaja kuichukua Fort Jesus ya Mombasa 1698. Hapo hutamsikia tena mpaka jioni.

Nizwa iwe safari ya baba na mwana peke yao, Ijumaa, asubuhi kuna mnada wa mbuzi. Kelele zile si za huyu mdogo. Na mkubwa naye ana haki ya kuwa na siku ambayo hakuna anayemwambia "wewe mkubwa, vumilia".

BabaWawili_Kwahani:
Karatasi kwanza, Mutrah baadaye! Mtoto wa kafala anabaki na jina la baba yake mzazi, ndivyo dini inavyotaka, kwa hiyo pasi yake haitafanana na zenu na uwanja wa ndege mtaulizwa. Kafala imo katika Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011. Nendeni Ustawi wa Jamii na hati yenu ya mahakama, muulize kama inawaruhusu kumtoa nje ya nchi, kabla hamjalipa tiketi. Hati halisi ikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi la kupakiwa. Sisi afisa mmoja alitusimamisha kando na mtoto analia, na karatasi imo tumboni mwa ndege.

ShangaziNungwi:
Mnamkimbiza Maskati hata kisiwa cha Changuu hapo mbele hajafika? Mpandisheni boti Forodhani kwanza, akawalishe kobe majani, muone anafanyaje na injini na watu asiowajua. Akishindwa dakika zile, ndege ya masaa mutaiweza? Boflo mwacheni nalo. Mpeni kimkoba chake alitie mwenyewe.

MpembaWaMaskati:
Shangazi kasema kweli. Na msikiti mkubwa wa Sultan Qaboos nendeni alasiri. Watalii wasio Waislamu wanaingia asubuhi mpaka saa tano tu, baada ya hapo ua wote mweupe ule mtupu, mnakaa mnavyotaka.

BiMkunazini:
Ahsanteni. Changuu Jumamosi hii inshaallah, Ustawi Jumatatu. Wifi nimeshampigia, kanuna kweli. Kijana nimemwambia habari ya Nizwa, anauliza kama mbuzi anaweza kupanda ndege.

BabaWawili_Kwahani:
Mwambie mbuzi naye anataka karatasi.