Protoni na haidrojeni: Monte Carlo ya klasiki inagota chini ya keV 1

Ngomeni, Malindi:
Assalam aleikum. Programu ni ya Monte Carlo ya klasiki (mianzo hubahatishwa, kisha mwendo hufuata sheria za Newton): protoni inagonga haidrojeni ya 1s, yaani iliyo katika hali ya chini kabisa ya nishati, njia (majaribio ya mwendo) 10,000 kwa kila nishati. Kati ya keV 25 na 100 matokeo yanaridhisha. Chini ya keV 1, eneo la mgongano (kipimo cha uwezekano wa tukio) la protoni kunyakua elektroni linagota, halipandi tena. Juu ya keV 500, uionishaji (elektroni kung'olewa kabisa) unashuka upesi mno. Lengo ni upepo wa Jua, ambao kwa km 400 kwa sekunde ni protoni za takriban keV 0.8. Nitafute kosa, au nihamie kwanta?

Mkomani, Lamu:
Waaleikum salaam. Usitafute kosa, fizikia ndiyo imekufungia. Weka protoni mbili umbali wa R. Katika vizio vya atomu (umbali wa 1 ni nusu kipenyo cha Bohr), kilele cha ukuta wa nishati baina yao ni −4/R, na nishati ya elektroni ni −0.5 − 1/R. Zisawazishe: R = 6. Nje ya hapo elektroni ya klasiki haivuki, hata protoni ipite polepole vipi. Ya kwanta hupenya ukuta, na mgongano ukichukua muda mrefu hupenya kutoka mbali zaidi. Eneo la kweli linazidi kupanda, lako limegota.

Huko juu ni jambo jingine. Mgawanyo wa kawaida wa klasiki wa mianzo ya elektroni hutoa momenta (uzito mara kasi) za 1s sawasawa kabisa na kwanta, lakini elektroni haifiki zaidi ya umbali wa 2, ilhali karibu 24% ya wingu la kwanta liko nje ya hapo. Tena, protoni ipitayo mbali huing'oa elektroni kwa msukumo hafifu, na klasiki hukosa michango hiyo. Kwa hiyo, nishati E ikipanda, uionishaji wa kwanta hushuka kama ln E/E, wa klasiki kama 1/E.

Ngomeni, Malindi:
Na njia 10,000 zinatosha?

Langoni, Lamu:
Hesabu matukio, ndugu yangu, si njia. σ = πb²n/N, ambapo σ ni eneo la mgongano, b ni umbali wa pembeni wa juu kabisa ambao protoni hulengwa, n ni matukio na N ni njia; ukipata matukio 100, kosa ni 10%. Panua b mpaka matukio yakome, usipitilize, maana njia zitapotea bure.

Kwa keV 0.8 tumia nusu-klasiki: protoni ifuate mstari mnyoofu, elektroni itatuliwe kwa Schrödinger kwa kujumlisha hali za elektroni za atomu zote mbili, ya shabaha na ile ya protoni ikishanyakua. Hali za upande wa protoni inayosafiri zizidishe kwa exp(iv·r − iv²t/2), ambapo v ni kasi ya protoni, r mahali pa elektroni na t wakati. Ukiacha hilo, hali hubaki zimeungana hata viini vikiwa mbali, na jibu hubadilika ukihamisha chanzo cha kuratibu.