Naomba ushauri: nataka kuandika maisha ya bibi mkunga

Habari zenu wakuu. Mama mzaa bibi yangu alikuwa mkunga wa jadi, wao ndo walifyeka pori la kwanza kijijini kwetu kule Kilombero, zahanati hakuna, kazalisha karibia kijiji kizima na malipo ni kuku au kanga, wengine asante tu. Shida hakuacha hata karatasi. Nimesoma habari za Patty Sessions wa Marekani, mkunga aliyehamia Utah 1847 akiwa na miaka 52 huku akiswaga mwenyewe ng'ombe wa mkokoteni, yule alikuwa anaandika shajara, watoto aliozalisha wanatajwa 3,977!

Sasa mie nianzie wapi? Wazee waliobaki wachache na mjomba mmoja anatia chumvi balaa. Vitabu vya ubatizo parokiani wanaruhusu kuangalia? Na wazee niwarekodi kwa simu au wataogopa?