"Sentimita ni za watoto wa shule": huyu fundi leo amenifikisha

Wakuu, simtaji. Mnamjua. Yule wa penseli sikioni na majibu ya mkato. Shelfu langu limeshushwa sasa hivi, mikono bado inatetemeka, mnivumilie na herufi.

Niliagiza shelfu la sentimita 90, likae kwenye kona kati ya mlango na dirisha. Limekuja la inchi 90. INCHI! Hiyo ni mita 2 na sentimita 28 na ushee. Limeziba dirisha, limevuka mlango, bado kidogo litokee kwa jirani. Natoka nje kwa kutambaa. Na vitabu vyenyewe ninavyo vinne.

Lakini hilo ningemeza. Nimechukua futikamba yake mwenyewe nikamwonyesha: ukingo huu inchi, ukingo huu sentimita, 90 yangu ndiyo hii hapa. Akaitazama. Akabonyeza kitufe, utepe ukarudi ndani chwaaa, almanusura unikate kidole. Halafu mbele ya vijana wake akanijibu: "Sentimita ni za watoto wa shule."

Za watoto wa shule! Mimi na mvi zangu! Vijana wakacheka hadi mmoja akakalia misumari. Kwenye karatasi niliandika "90 sm" kwa wino mwekundu, anasema alidhani hiyo "sm" ni saini yangu.

Ati za watoto wa shule. Sasa kwenye futikamba yako zinatafuta nini, bwana?

Kikokotoo: Pole mkuu. Ila shelfu la mita 2.28 linapita kwenye lori na wewe unaangalia tu, hukushtuka?

Mwenye uzi: Lilikuja vipande vipande! Na ukishaambiwa sentimita ni za watoto wa shule, akili ya kushtuka unaitoa wapi?

Bisibisi: Mimi ni fundi. Ubao tunauhesabu kwa futi na inchi, mbili kwa nne, nne kwa nane, dunia inaenda. Mtoa mada ana mvi lakini bado anabeba rula ya sentimita 30.

Mzee wa Takwimu: Inchi si ya kubahatisha. Tangu 1959 ni sentimita 2.54 kamili, Marekani, Uingereza na wenzao walikubaliana. Kwa hiyo inchi yenyewe inapimwa kwa hizo za watoto wa shule.

Mwenye uzi: ASANTE! Mtu akamwambie!

Bisibisi: Nenda wewe, ukishamaliza kutambaa.

Chochoro: Afadhali wewe umezidishiwa. Mimi nimenunua runinga ya inchi 55, kufika nyumbani naipima upana, haifiki hata 48. Wezi!

Kikokotoo: Wanapima mshazari, kona kwa kona.

Chochoro: Nani alimwambia mtu anatazama runinga kimshazari?

Tanga Mbili: Nyie mna raha. Huku baharini maili ni mita 1,852, ya nchi kavu ni 1,609. Abiria anauliza zimebaki maili ngapi, ukimjibu anakokotoa na simu yake, anakuita mwongo.

Mzee wa Takwimu: Wamarekani nao hadi mwisho wa 2022 walikuwa na futi mbili, ya kawaida na ya wapima ardhi. Tofauti yake ni sehemu mbili katika milioni.

Chochoro: Wangenipunja kwa kiwango hicho ningenyamaza.

Mguu Pande: Wabaya kuliko wote ni wale wa "hapo mbele tu". Unauliza njia, anakuchongea mdomo, "hapo mbele tu". Kilomita saba! Hao wana kizio chao na hakiko kwenye futikamba yoyote.

Tanga Mbili: Na ukirudi kumlaumu anakwambia "si umefika lakini?"

Mwenye uzi: Jamani, na shelfu langu?

Chochoro: Shelfu gani? Kikokotoo, ule mshazari wanahesabu na fremu au kioo peke yake?