Bledi ya msumeno imeganda utomvu wa paini, naisafishaje?

mbao_mbichi: Wakuu salama? Nina msumeno wa meza, bledi inchi 10 meno 40 yale ya kabaidi (vile vipande vigumu vya kuchomelewa), nimepasua paini mbichi ya Mafinga wiki nzima sasa mbao inatoka na alama nyeusi za kuungua, moshi, mota inalia kama imebebeshwa gunia. Meno naona yote yapo ila pembeni yameganda kitu cha kahawia kigumu kama sukari guru. Niipeleke kunolewa au naisafisha hapahapa?

chapchap: Washa jiko la mkaa ipitishe motoni dk 2, uchafu unadondoka wenyewe. Au funga brashi ya waya kwenye grenda umalize kazi

mzee_randa: We chapchap usimponze mwenzio. Yale meno yamechomelewa tu kwenye bledi, ukiyarudisha motoni jino linalegea halafu siku msumeno unazunguka linafyatuka, litampata nani hujui. Na bledi ikipata moto inapinda, ukiifunga inacheza. Brashi ya grenda nayo hapana, kabaidi ni ngumu ila ncha yake inavunjika kama glasi.

Mkuu chomoa plagi ukutani kabisa, sio kuzima swichi, ndo ufungue bledi. Vaa glovu nene za mpira. Beseni la plastiki, maji ya moto, magadi vijiko 3 au 4, ilaze humo nusu saa. Sufuria ya alumini usitumie, magadi yanaila na mama watoto atakuuliza. Sugua na mswaki wa zamani, jino kwa jino, mbele na pembeni, suuza, kausha hapohapo upake oili kidogo maana kutu haichelewi.

dada_makabati: Mi natumia mafuta ya taa na kitambaa, yanatoa fasta, ila nafanyia nje mbali na jiko na sigara, na matambara yake siyaachi kwenye vumbi la mbao. Kostiki ya watengeneza sabuni msiguse jamani, inaunguza ngozi na macho, kwa utomvu tu ya nini? Halafu ukirudisha angalia mshale, mi nshawahi kuifunga kinyume nikashinda naitukana mbao.

mbao_mbichi: Mrejesho. Nimefuata ya mzee, maji yamekuwa kama chai ya rangi, ule ugumu wote umetoka. Ila kumbe chini ya utomvu meno mawili yamemeguka ncha nilikuwa siyaoni, kwa hiyo hii inaenda kwa fundi abadilishe meno, siirudishi kwenye mashine. Nikakumbuka ile ya zamani niliyoitupa chini ya benchi mwaka jana nikisema imekufa butu, nimeiosha na maji yaleyale, meno mazima yote, inapasua paini bila moshi. Na mpya nilishaweka oda 🤦

mzee_randa: 😂 Oda ikija itundike ukutani, paini bado ipo