Wauza simulizi za kikubwa, tumechoka kuuziwa mahaba kwa vipande

Wakuu, salaam. Mamodi, naomba uzi huu usiunganishwe na zile za "nani ana muendelezo". Hapa hakuna anayeomba muendelezo. Huo muendelezo wenyewe ndio tunaoulalamikia.

Simulizi fupi ya mahaba ya watu wazima, ile unayoianza baada ya chakula cha usiku na kuimaliza kabla ya kulala, ina umbo lake. Wanaopima kazi kwa maneno wanasema novela ni kuanzia maneno 17,500 hadi 40,000, na chini ya hapo kuna fupi zaidi, ya 7,500 na kuendelea. Mtu anayesoma maneno 200 kwa dakika anamaliza maneno 15,000 kwa saa moja na robo. Hiyo saa moja na robo ndiyo tunayoilipia: joto linapanda taratibu, linafika, linatulia, unafunga simu unalala. Nyinyi mnatuuzia vipande 40 vya maneno 500 kwa siku 40, na kila kimoja kimekatwa mtu akiwa ameshika kitasa cha mlango.

Tupige hesabu ya kipande kimoja. Kinafunguliwa na jina la simulizi, jina la mtunzi, namba ya simu na onyo la 18+. Inafuata ILIPOISHIA yenye aya mbili za jana, ndipo SASA ENDELEA. Mwisho ITAENDELEA, usikose, lipia namba hii. Katika maneno 500, kama 130 si hadithi. Zidisha kwa 40, unapata maneno 5,200. Zaidi ya robo ya kazi ni matangazo na marudio! Halafu mtunzi akishafika mwisho anakusanya vipande vyote, anavibandika kwenye faili moja bila kuzifuta hizo ILIPOISHIA, anaita "simulizi nzima" na kuiuza upya. Msomaji anakuta busu lilelile mara mbili, la pili likiwa na namba ya simu katikati.

Bei nayo. Sehemu kumi za mwanzo ni bure, na kumi hizo zinaishia palepale siku zote: wawili wamefunga mlango. Ya 11 ni "njoo inboksi". Jero kwa kipande, vipande 30 vilivyobaki ni elfu kumi na tano, na kila muamala una makato yake. Anayekwama sehemu ya 25 kwa sababu mtunzi amepotea harudishiwi hata senti.

Lakini hela si kubwa kuliko hili: kukata vipande kunaharibu simulizi yenyewe, na wanaokata wanajua.

Msisimko wa kwenye maandishi unatokana na kusubiri. Watu wazima wawili wanatamaniana, kuna sababu inayowazuia, na sababu hiyo inalegea ukurasa baada ya ukurasa. Kwenye maneno 15,000, wakutane ndani ya 1,000 ya kwanza. Mguso wa kwanza wenye uzito uje karibu na 4,000. Faragha ya kwanza isivuke nusu ya kitabu, na iwe na matokeo, yaani asubuhi yake mambo yasiwe kama jana. Mgogoro ukaze kati ya 10,000 na 12,000. Faragha ya pili inakuja watu wameshajuana, wameshaumizana na kusameheana, ndiyo maana ikiandikwa vizuri huwa tamu kuliko ya kwanza. Na tukio moja la faragha linataka maneno 1,200 hadi 2,000 mfululizo. Narudia, mfululizo. Ukilikata kila baada ya 500 unalazimika kuweka kikwazo mara tatu juu ya kitanda kimoja: simu inaita, hodi inapigwa, mume amerudi safari bila taarifa. Mkivunja tukio mara tatu mhusika hafiki anakokwenda, na msomaji hafiki pia. Halafu kwa sababu kila siku lazima kuwe na mshtuko, kuanzia sehemu ya 15 wanaingia mganga, jambazi, pacha aliyepotea, na kile kisa cha watu wawili kilichotuleta kimezikwa.

Malipo yanaathiri maandishi popote duniani. Huduma ya Kindle Unlimited ya Amazon, ya kusoma vitabu kwa ada ya mwezi, ilipoanza mwaka 2014, mwandishi alilipwa msomaji akishavuka asilimia 10 ya kitabu, kiwe kirefu au kifupi. Kwa malipo ya namna hiyo, kukata kazi moja vijitabu vitano kulikuwa na faida kuliko kuiacha nzima. Tarehe 1 Julai 2015 wakabadilisha, malipo yakawa kwa ukurasa unaosomwa, na upande mwingine wakazuka wanaojaza kurasa zisizo na maana nyuma ya kitabu. Kwa hiyo mtunzi anayetuambia kwamba "wasomaji wa Bongo ndivyo wanavyopenda" anasema uongo. Vipande vipo kwa sababu anauza kwa kipande. Riwaya pendwa za miaka ya 1970 na 1980 ziliuzwa mitaani zikiwa vijitabu vizima, na watu walizisoma hadi majalada yakachanika.

Uvivu wa kuandika nao una adabu mbaya. Mtunzi anaandika kila jioni kwenye simu bila karatasi ya majina, basi Zuhura wa sehemu ya 6 anakuwa Zuwena sehemu ya 19, na mtu aliyesemwa ni mjane anapigiwa simu na mkewe. Dawa yake ni ukurasa mmoja tu: jina, umri, kazi, mahali anapoishi, alama ya mwilini, siri yake. Unaandikwa kabla ya sehemu ya kwanza.

Wizi wa kutafsiri kwa mashine ndio umezidi sasa. Dalili zake tunazijua. Mkurugenzi bilionea wa Masaki ana macho ya kijani. Kuna moto wa kuni sebuleni Mikocheni mwezi wa Desemba. Mwanamke "anazungusha macho yake", kisha "anatoa pumzi ambayo hakujua alikuwa ameishikilia". Hakuna mtu anayeongea hivyo. Na tukio la faragha likipita kwenye mashine ndipo linapokufa kabisa, kwa sababu Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke kwenye kitenzi: "Akamvuta, akamshika mkono wake, akauweka kifuani kwake." Mkono wa nani, kifua cha nani? Msomaji anasimama kuhesabu mikono wakati alitakiwa awe amesahau kwamba anasoma. Mtunzi anayejua kazi ana njia tatu. Anarudia jina bila aibu. Au anampa kila mmoja kitu chake, huyu bangili zinazogongana, yule sauti nzito na mikono iliyokomaa kwa kazi, na anawatambulisha kwa hivyo. Au anaandika kwa nafsi ya kwanza, na tatizo linaisha palepale: nikamvuta, akanishika. Simulizi za aina hii zinazosomeka vizuri, nyingi ni za nafsi ya kwanza, na sababu mojawapo ni hiyo.

Linaloniuma zaidi ni kwamba tuna mali yetu imekaa bure. Udi uliofukizwa kwenye nguo tangu alasiri. Kikuba cha asumini na mkadi kilichofichwa kifuani. Shanga za kiunoni, hina iliyokolea, kanga yenye maneno yanayomfikia mtu kabla mwenye kanga hajafungua mdomo. Mtunzi mwenye sikio anaweza kuandika ukurasa mzima wa sauti ya shanga gizani na msomaji akaelewa kila kitu. Badala yake tunapewa majina ya vyakula na ya silaha kwa viungo vya mwili, yaleyale kila simulizi, mara kumi katika aya moja. Lugha ya wazi haina ubaya, na mafumbo hayana ubaya. Ubaya ni kutochagua.

Na hili halina mjadala. "Alikataa kwa mdomo lakini mwili ulikubali" si mahaba. Ni kubaka kulikofungwa utepe, na mhusika kuangukia kwenye mapenzi na aliyemlazimisha hakuusafishi ubakaji huo. Tamaa ya wote wawili ndiyo inayopandisha joto. Ikiwa ya mmoja, msomaji anasoma woga. Mnaoweka wahusika wenye sare za shule, hamjaandika simulizi ya watu wazima. Hiyo ni ya kuripotiwa na kufutwa, basi.

Sasa aibu. Wauzaji hawa wanategemea kitu kimoja, kwamba mnunuzi hatalalamika hadharani. Nani ataandika kwa jina lake kwamba ameibiwa elfu tano akinunua hadithi za chumbani? Kwa hiyo wanachukua hela, wanakublok, na kesho wanaanza simulizi mpya kwa jina jipya. Ukilipa kwa simu, jina lako la usajili linamfikia mpokeaji. Ukiingizwa kwenye kundi la WhatsApp, namba yako inaonwa na wanachama wote, na kundi moja linaweza kubeba watu 1,024. Wanawake wanaanza kupokea "mambo mrembo" kutoka kwa watu wasiowajua wiki hiyohiyo. Admini anasema si kosa lake. Ni kosa lako! Chaneli ipo, na humo wafuasi hawaoni namba za wenzao. Orodha ya matangazo ipo pia, inabeba watu 256, kila mtu anapokea peke yake ilimradi amehifadhi namba yako. Kundi limechaguliwa kwa sababu kelele zake zinauza.

Najua kuna atakayekuja na sheria. Ndiyo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza ponografia mtandaoni, na kila mtunzi anatakiwa ajue mpaka wake uko wapi. Lakini hakuna sheria inayomzuia mtu kusema kazi yake ina maneno mangapi, au kurudisha hela ya kazi ambayo hakuimaliza.

Faili nalo, kwa kifupi. Maneno 15,000 yakiwekwa kwenye EPUB, faili la kitabu cha kusomea kwenye simu, hayafiki MB 1, herufi zinakuzwa bila kuvuruga mstari, na unasoma gizani kwa mandhari nyeusi. Mnatutumia PDF ya picha za skrini ya MB 40, chaji ya mtunzi ikionekana juu kila ukurasa. Kama EPUB imekushinda, tengeneza PDF ya ukubwa wa A6 badala ya A4, herufi za 12, pambizo ndogo. Kwenye simu itasomeka bila kuvutwa kushoto na kulia. Ni kazi ya dakika kumi.

Tunachotaka kabla ya kutoa hela: jina la simulizi, idadi ya maneno, imeisha au haijaisha, nafsi iliyotumika, mwisho wake ni wa furaha au wa machozi, na kiwango cha joto. Hilo la joto si anasa. Ellora's Cave, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 2000 na kufungwa 2016, ilikuwa inaweka ngazi ya joto kwenye vitabu vyake ili mnunuzi ajue anachopeleka nyumbani. Kwetu ngazi tatu zinatosha: mlango unafungwa, mlango uko wazi kwa lugha ya mafumbo, mlango uko wazi kwa lugha ya moja kwa moja. Sampuli iwe ya maneno 1,000, na iwe na mazungumzo ndani yake, maana kwenye mazungumzo ndipo tafsiri ya mashine inapojulikana haraka. Bei moja, kazi nzima, mara moja.

Mtunzi mwenye kazi iliyokamilika aweke taarifa hizo hapa chini, wanunuzi tupo na hela tunazo. Mwenye sehemu ya kwanza peke yake asiiweke kwenye uzi huu.